Kukata Tamaa na Maana ya Tawakali: Ushahidi wa Kibarani

Hakuna mahali ambapo jina la Mungu hutajwa kwa wingi kama penye dhiki, na hakuna mahali ambapo hutajwa kwa wepesi usiogharimu kitu kama hapo hapo. Mtu aliyefiwa huambiwa asubiri. Aliyefutwa kazi huambiwa asubiri. Mzazi ambaye mwanawe amezama katika dawa za kulevya huambiwa amwachie Mungu, kisha mtoa nasaha huvaa viatu vyake mlangoni akaenda zake. Nasaha hizo zote zina asili njema, na wahenga hawakukosea waliponena kwamba subira huvuta heri. Hata hivyo, wakati umewadia wa kuuliza iwapo subira inayohubiriwa katika miji ya pwani ndiyo ile waliyoikusudia wahenga, au ni kitu kingine kilichovishwa kanzu yake. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba aghalabu binadamu hakati tamaa kwa sababu ya upungufu wa imani. Hukata tamaa kwa kuwa amefundishwa imani iliyokatwa miguu. Ushahidi hauna haja ya kutafutwa mbali. Upo Kibarani, pale kisiwa cha Mombasa kinapopeana mkono na bara.

Kabla ya kufika Kibarani, inafaa maneno yenyewe yatiwe kwenye mizani, kwani lugha mara nyingi huhifadhi maana ambayo wasemaji wake wameisahau. Neno tamaa lina nyuso mbili katika Kiswahili. Mwenye tamaa hulaumiwa kwa ulafi, na aliyekata tamaa huhurumiwa kwa kukosa tegemeo. Yaani lugha ile ile inayomkanya mtu asiwe na tamaa humlilia asiikate. Wajuzi wa Kiarabu watakumbuka kuwa katika Kurani asili ya neno hili imetumiwa kwa sifa, pale waumini wanapoelezwa kwamba humwomba Mola wao kwa hofu na kwa tamaa. Kwa hiyo tamaa ya kupata ahueni, ya kutendewa haki, ya kumwona mtoto akipona, si utovu wa adabu mbele ya Mungu bali ni sehemu ya dua yenyewe. Anayewahimiza maskini waridhike na kila hali, akidhani kuwa anawaongoza kwenye ucha Mungu, huenda ndiye anayewakatia tamaa yao kwa mikono yake mwenyewe.

Neno la pili ni tawakali. Shina lake la Kiarabu ndilo lililozaa neno wakili, ambalo kila Mswahili hulijua kwa kazi yake mahakamani. Kumtawakali Mungu, basi, ni kumfanya wakili wa shauri lako. Sasa na ajiulize msomaji: mtu aliyeweka wakili hukaa nyumbani akalala? Huhudhuria kesi. Huleta stakabadhi. Hutafuta mashahidi, hupanda matwana alfajiri ili asichelewe, na hakimu akiahirisha hurudi tarehe nyingine. Kumwamini wakili hakumwondolei mwenye shauri kazi. Humwondolea hofu ya kuifanya kazi hiyo peke yake. Wakazi wa Mji wa Kale, wafikwapo na jambo zito, hulitamka lile tamko mashuhuri la Kiarabu linalomsifu Mungu kuwa wakili bora. Wengi hulitamka wakiwa wameketi. Wafasiri wengi, hata hivyo, wanalihusisha na siku zilizofuata vita vya Uhud, mwaka 625, wakati Waislamu walioshindwa na kujeruhiwa walipoitwa kutoka tena kwenda kumkabili adui katika Hamraul-Asad. Walitamka maneno hayo huku wakiwa njiani, na majeraha yao hayajafungwa sawasawa.

Turudi Kibarani. Kwa miaka mingi msafiri aliyeingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi hakuhitaji kibao cha kumwarifu kuwa amewasili. Harufu ya jaa la Kibarani ilimlaki kabla ya upepo wa bahari. Taka za mji mzima zililundikwa kando ya barabara kuu, zikavuka mipaka yake, zikamiminika katika maji ya hori na kuisonga mikoko. Moshi haukukatika. Maji yenyewe yalikuwa yamefungwa tangu mwaka 1929, wakati serikali ya kikoloni ilipojenga tuta la Makupa na kuzuia mkondo kati ya hori ya Tudor na bandari ya Kilindini. Mbele ya tuta hilo, jaa likawa kama tusi juu ya jeraha. Juu ya vilima vya taka walisimama korongo, wakubwa, wasio na haraka. Chini yao waliinama watu.

Watu hao mji uliwaita machokora. Jina lenyewe linatokana na kitendo cha kuchokora, yaani kupekua kwa ncha ya kijiti au chuma, na lingaliweza kuwa jina la kazi kama mvuvi au mfinyanzi lau lisingalitiwa dharau. Waliokota plastiki, chupa, shaba na vyuma chakavu, wakauza kwa uzani. Wengine waliokota chakula. Ni rahisi kwa mpita njia aliyefunga vioo vya gari kuona pale mfano wa watu waliokata tamaa. Huo ni upofu. Aliyekata tamaa haamki alfajiri. Aliyekata tamaa hapambanui plastiki ngumu na laini, wala hakumbuki ni lori la mtaa gani huleta mabaki yenye thamani siku gani. Ipo hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Umar bin Khattab na kuandikwa na Tirmidhi, inayosema kwamba lau watu wangemtawakali Mungu ipasavyo angaliwaruzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao hutoka asubuhi na njaa na kurejea jioni wameshiba. Wahubiri wengi huisimulia hadithi hii ili kuwatuliza watu. Wachache hutaja kwamba ndege wale walitoka. Hakuna ndege aliyesifiwa kwa kubaki kiotani, na pale Kibarani korongo na wanadamu walitoka pamoja.

Mwaka 2018 jaa lilifungwa. Taka zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, na Kibarani pakafunikwa udongo, pakapandwa nyasi na miti. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, na maji yaliyotenganishwa kwa zaidi ya miaka tisini yakaruhusiwa kukutana tena. Haya ni mema, tena mema makubwa. Hapana mtu mwenye pua na akili timamu anayeweza kulililia jaa lile. Lakini wema wa mji mzima unaweza kuwa msiba wa kaya moja. Mwokota taka hana barua ya kuajiriwa ya kuonyesha, hana kiinua mgongo, hana chumba katika hesabu za wapangaji wa mji. Riziki yake ilifunikwa udongo pamoja na taka. Huyu ndiye ambaye huambiwa asubiri, na pengine mwenye kumwambia ni yule yule anayepumzika jioni chini ya mti uliopandwa juu ya kapu lake.

Dhiki ya Kibarani na Changamwe haikuwa ya jaa pekee. Reli mpya ilipoanza kazi mwaka 2017, na amri ya mwaka 2019 ikataka shehena zipelekwe Nairobi kwa garimoshi, madereva, mautingo, wenye vibanda vya chakula na mafundi wa magurudumu walioishi kwa malori waliona barabara ikinyamaza. Wakazi waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Iwapo waandamanaji ndio walioiondoa au ni siasa za uchaguzi, wanahistoria wataamua. Lililo dhahiri ni kwamba wengi wa walioandamana walikuwa watu wa kusali, na hawakuona mgongano kati ya msala na barabara.

Hapa ndipo mafundisho duni yanapoumbuka. Kisa kinachotajwa sana katika mawaidha ya kuwafariji walioelemewa ni cha Nabii Yaakub, aliyempoteza Yusuf na kulia mpaka macho yakapofuka. Husemwa kwamba Yaakub alifanya subira njema, na ni kweli. Lakini kisa chenyewe kikisomwa kwa utulivu katika Surat Yusuf, mambo matatu hujitokeza ambayo mimbarini hupitwa kwa haraka. La kwanza, Yaakub alilalamika. Alisema waziwazi kwamba anamshtakia Mungu huzuni yake, na hakukemewa kwa hilo. Waliomkemea ni wanawe, ambao ndio waliokuwa na hatia. La pili, alipowatuma wanawe Misri aliwaamuru waingie kwa milango mbalimbali, kisha akakiri kwamba tahadhari hiyo haiwezi kuzuia alilolipanga Mungu, na kwamba ni juu Yake anakotawakali. Tahadhari na tawakali zilitoka katika kinywa kimoja, katika pumzi moja. La tatu ndilo kubwa. Aya ile maarufu inayokataza kukata tamaa na rehema ya Mungu haikuanza na katazo. Ilianza na amri: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye. Kutokata tamaa kulikuwa na njia ya kwenda, na miguu ya kuiendea. Anayeitaja nusu ya pili ya aya na kuiacha ya kwanza amempa mgonjwa kasha la dawa lisilo na dawa.

Zipo methali zinazoonekana kupinga rai hii. Jitihada haiondoi kudura, husema wazee, na mara nyingi husema hivyo kufunga mjadala. Ila methali hii husemwa baada ya jitihada, si badala yake; anayeitumia kabla hajanyanyua mkono ameigeuza kuwa dada wa ajizi, nayo ajizi, kama ijulikanavyo, ni nyumba ya njaa. Umar bin Khattab alikabiliwa na hoja hii hii mwaka 639. Alikuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari kuwa tauni imeenea huko, akaamua kurejea. Sahaba mkubwa, Abu Ubaida, akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kudura moja kuelekea nyingine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja lenye majani na moja kavu: popote atakapolisha wanyama wake atakuwa katika kudura, lakini hakuna mchungaji mwenye akili atakayechagua bonde kavu.

Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa kama historia ya mbali hadi mwaka 2020. Mwezi Machi misikiti na makanisa ya Kenya yalifungwa kwa sababu ya Korona. Mwezi Aprili Mombasa ikafungwa isitokwe wala isiingiwe. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, serikali ikatangaza kuwa Mji wa Kale nao utafungwa peke yake, kama ilivyofungwa Eastleigh jijini Nairobi. Mtu asiyeujua Mji wa Kale hawezi kupima uzito wa tangazo hilo. Ni mji wa vichochoro, wa nyumba zinazoegemeana mabega, wa barazani. Watu wake huswali tarawehe kwa jamaa, hufuturu kwa kupelekeana sahani, na riziki ya wengi hupatikana nje ya mipaka ya mtaa: Marikiti, bandarini, Mwembe Tayari. Vyote vikakatwa kwa siku moja. Idi ya tarehe 24 Mei ikasaliwa majumbani. Palikuwa na hofu ya kupimwa na aibu ya kuonekana mgonjwa, na wapo waliokwepa wahudumu wa afya. Hilo lisifichwe.

Hata hivyo Mji wa Kale ulipofunguliwa mwanzoni mwa Juni, ulikuwa umefundisha jambo ambalo vitabu vingi vya akida hulieleza kwa shida. Waumini waliozoea kuipata imani yao msikitini walilazimika kuitafuta sebuleni. Baba ambaye hajawahi kuwa imamu aliwaswalisha wanawe. Mzee aliyeswali safu ya mbele kwa miaka arobaini alijifunza kwamba safu ya mbele si mahali. Kukaa nyumbani, ambako siku nyingine kungehesabiwa kuwa uvivu, kukawa ndiyo jitihada. Na aliyelazimisha mkusanyiko kwa kudai kuwa ana tawakali zaidi ya wenzake alikuwa, kwa kweli, mchungaji aliyechagua bonde kavu na kulihatarisha kundi zima. Tawakali haina sura moja. Kuna siku hutoka na ndege, na kuna siku hukaa ndani na mgonjwa.

Mfano mwingine uko umbali mfupi kutoka Kibarani, upande wa Jomvu, katika mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo wenye wakazi wapatao 3,000. Madini ya risasi yakaingia hewani, mchangani na katika maji, na kutoka humo yakaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake mwenyewe ameathirika. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa mwaka 2012 na baadaye kuachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Lakini tuzo si mwisho wa habari, na hapa ndipo habari inapokuwa na manufaa kwa mwenye kufikiri juu ya kukata tamaa. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kuwa wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mtaa ukashangilia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Yeyote aliyewahi kusubiri kitu kwa miaka mingi, kikaletwa mpaka mkononi kisha kikapokonywa, anajua kwamba hapo ndipo tamaa hukatwa, si mwanzoni. Mwanzoni mtu ana hasira, na hasira ina nguvu zake. Kinachoua ni kuanza upya. Walianza upya. Wakaenda Mahakama ya Juu, na mwezi Desemba 2024 mahakama hiyo ikairejesha hukumu ya fidia. Miaka kumi na saba ilikuwa imepita tangu tanuri la kwanza kuwashwa, na wapo waliozikwa katikati. Baadhi ya walioshinda kesi hiyo ni Waislamu, wengine ni Wakristo, na inaweza kukisiwa kuwa kila kikao cha mahakama kilitanguliwa na dua za namna mbili. Hao ndio waliomweka Mungu wakili kwa maana kamili ya neno: wakahudhuria.

Huenda msomaji akauliza, je, imani haigeuzwi hapa kuwa uanaharakati tu, na Mungu kuwa jina la heshima la juhudi za wanadamu? Swali hili ni la haki na halistahili kupuuzwa. Zipo dhiki ambazo hazina mahakama ya kuziendea. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakapoteza maisha, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Hakuna rufani iliyoweza kuwarejesha. Mbele ya msiba wa aina hii neno subira hupata maana yake ya asili, yaani kustahimili kisichobadilika, na hapo mwenye kumwegemea Mungu ana jambo ambalo mwanaharakati asiye na imani hana: anaamini kuwa waliokwenda hawakupotea. Ila hata hapo, tazama desturi ya matanga ya watu wa pwani. Majirani huja na majamvi. Wanawake hushika jiko la mfiwa ili asipike. Watu huketi naye, na kwa muda mrefu husema maneno machache. Desturi hii ina elimu ya dini kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa inajua kwamba aliyevunjika moyo hahitaji kwanza kuelezwa sababu ya kuvunjika kwake.

Wakristo wa Changamwe na Kibarani wanakijua kisa cha Ayubu, nao Waswahili Waislamu wana utendi wa Ayubu katika hazina yao ya ushairi. Ni mmoja kati ya manabii wachache ambao jamii zote mbili humlilia pamoja. Katika Biblia, marafiki wa Ayubu walifanya jema moja tu: waliketi naye mavumbini siku saba bila kusema. Walipofungua vinywa wakaanza kumtetea Mungu, wakimwambia Ayubu kuwa bila shaka ana kosa alilolificha. Mwishoni Mungu aliwakasirikia hao watetezi, akasema kuwa Ayubu, aliyelalama, aliteta na kudai majibu, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Kila mhubiri anayeitwa nyumbani kwa aliyepoteza kazi angefaa kukisoma kisa hicho barabarani kabla hajabisha hodi.

Tena angefaa kukisoma mara mbili akiitwa nyumbani kwa teja. Dawa za kulevya zimekula vijana wa Mji wa Kale na Kisauni kwa zaidi ya kizazi kimoja, na hakuna mahali ambapo kukata tamaa kumeonekana kwa macho kama katika vichochoro ambamo kijana wa miaka ishirini hulala jua limesimama utosini. Wazazi wake wamemwombea, wamemsomea, wamemfungia ndani, wamemfukuza, wamemrudisha. Huambiwa imani yao ni dhaifu. Mwaka 2015 dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika kituo cha afya cha Kisauni, na utaratibu wake ni wa kuchosha: mgonjwa hufika kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, hurudi kesho. Kila siku, bila kuruka. Wapo mashehe waliosita wakiona ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wangetazama kwa makini zaidi wangeona kuwa kijana aliyeshindwa kusali sala moja kwa wakati wake sasa anahudhuria mahali pamoja kila kukicha kwa ajili ya kutaka kuishi. Kama hilo si toba inayojifunza kutembea, itakuwa vigumu kueleza ni nini.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili suala hili lina upande wa nyumbani kabisa. Fasihi ya Mombasa haijawahi kuionea haya dhiki. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huo, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, na akiwa gerezani, muda mrefu akiwa peke yake, aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakatunukiwa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Jina hilo halikuwa Sauti ya Subira, wala Sauti ya Faraja. Dhiki ilipewa sauti yake yenyewe, na diwani ikasomeshwa vizazi kwa vizazi bila mtu kudai kwamba mwenye kulia vile amekosa imani. Miongo minne kabla yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alianzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah mnamo 1930 na 1932, akitumia Kiswahili kuwaeleza Waislamu wa pwani kwamba kurudi kwa Mungu na kurudi kwenye elimu, kazi na umoja ni safari moja. Alikuwa mkali. Hakuwabembeleza watu wake kwa kuwaambia kuwa unyonge wao ni daraja ya peponi.

Mapokeo hayo mawili, la kuilia dhiki kwa uwazi na la kuikabili kwa lugha inayoeleweka, ndiyo yanayohitaji warithi. Jambo moja linaweza kuanzwa bila ya kungoja wizara wala ruzuku. Hukumu za Owino Uhuru, kuanzia ile ya mwaka 2020 hadi ile ya Mahakama ya Juu, zimeandikwa kwa Kiingereza cha sheria, kurasa baada ya kurasa, ilhali mama wa Jomvu aliyezipigania husali, hulia na kusimulia kwa Kiswahili. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili chenye watu kumi wenye subira kinaweza kuzifasiri katika likizo moja, nakala zikapelekwa msikitini, kanisani na katika madrasa za Kibarani, ili khatibu wa Ijumaa anapotaka mfano wa watu wasiokata tamaa asilazimike kwenda mbali kuliko mwisho wa barabara.